Tanbihi ya Kwanza

Damar hakubisha hodi. Katika miaka minne ya uchumba wao hakuwahi kuingia ofisini kwa Niken bila kugonga mlango mara tatu kwa adabu, lakini Alhamisi ile aliusukuma kwa bega, akauacha wazi nyuma yake, akasimama mbele ya meza akihema.

"Nipe dakika moja, Mas," Niken alisema bila kuinua kichwa, akimwita 'kaka' kama wachumba wa Kijava wafanyavyo. "Namalizia aya."

Ndivyo alivyokuwa, na wote waliomfahamu walikwisha kumzoea. Daktari Niken Palupi, mhadhiri wa maandishi ya kale ya Kijava, mwenye miaka thelathini na saba, alikuwa mtu wa kumaliza aya. Nyumba ingeungua, angemaliza aya. Wenzake kitivoni walimwita mke wa makabati, kwa sababu ya yale makabati ya chuma aliyojaza ofisini, na yeye aliwacheka tu kwa kuwa hakuona tusi liko wapi. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kwamba kwa dalili zilizopo huenda ikanyesha. Ukimwambia unampenda, atanyamaza kwanza, kana kwamba anapima umetoa wapi habari hizo.

Na Damar alimpenda hivyo hivyo. Alikuwa na duka la kurudufu na kujalidi tasnifu nje ya geti la chuo, na walifahamiana siku Niken alipokuja kumgombeza juu ya gundi. Walibishana saa nzima kuhusu gundi ile. Kesho yake Damar akanunua nyingine, ghali mara mbili, ili tu mwanamke yule arudi aione.

"Nimemaliza," Niken alisema, akaweka kalamu. Hapo ndipo alipomtazama usoni, na moyo wake ukashtuka. "Mas? Umekuwaje?"

Damar alitupa jarida juu ya meza. Niken akalitambua, ndilo lililochapa makala yake, na, Mungu amsamehe, uso wake ukachanua.

"Limefika! Umelipata wapi? Mimi mwenyewe sijaletewa nakala yangu. Umeona tanbihi ya kwanza?"

"Nimeiona."

"Nilitaka iwe zawadi ya harusi. Nilitaka uikute mwenyewe."

"Isome," Damar alisema. "Isome kwa sauti, Dik, mdogo wangu. Nataka nikusikie ukiisoma."

Niken hakuelewa, lakini alifungua. Yale maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza aliyajua kwa moyo. Aliyaandika na kuyafuta mara saba. "'Namshukuru kwa dhati Bwana Damar Kertodipuro, aliyenitolea kitabu hiki kutoka kwenye sanduku la baba yake na kuniachia kwa siku tisa, kuanzia tarehe tatu hadi tarehe kumi na moja Machi. Bila yeye utafiti huu usingekuwepo.'"

"Tarehe tatu Machi," Damar alisema. "Tarehe tatu Machi Baba alikuwa wapi?"

Nje, wanafunzi walikuwa wakicheka kwenye korido.

"Hospitali," Niken alisema polepole. "Kwa ajili ya macho."

"Ulimpelekea machungwa."

"Nilimpelekea machungwa."

"Halafu ukarudi nyumbani ukakaa na kitabu chake. Na mimi nikabaki kando ya kitanda chake. Unajua alikuwa akiniuliza nini, kila asubuhi, jicho limefungwa bandeji, ananipapasa mkono? 'Damar, sanduku liko salama?' Nami namjibu, liko salama, Baba. Siku tisa, Niken. Ufunguo nilimvua kiunoni wakati manesi wanamwandaa. Nilifanya hivyo kwa sababu ulikuwa huli, hulali, unasema ukikiona kitabu kile mara moja tu utakufa umeridhika. Na wewe umekwenda kuitangazia dunia, na tarehe umeweka!"

"Mas, huwezi kutumia kitu cha mtu bila kusema umekipata wapi na lini. Ingekuwa ni wizi."

"Ilikuwa ni wizi!"

Naapa msomaji wangu, hadi dakika ile mwanamke huyu msomi, anayejua wafalme wa Java walizaliwa siku gani ya juma, hakuwa ameziweka zile tarehe mbili pamoja kichwani mwake. Tarehe ya kitabu ilikuwa ya kitabu. Tarehe ya hospitali ilikuwa ya machungwa. Sasa zilikutana.

"Nani amemwonyesha Baba?"

"Binamu yangu wa Jakarta ameipiga picha, ameitupa kwenye kundi la simu la ukoo. Watu mia na zaidi. Wengine wanalia kwamba umesema kitabu ni cha uongo."

"Sikusema cha uongo. Nilisema karatasi ina alama ya kiwanda, ukiinua kwenye mwanga unaiona, na kiwanda kile kilianza miaka sabini baada ya mwaka ulioandikwa mle ndani. Kwa hiyo huenda—"

"Niken."

"Huenda ni nakala."

"Niken! Sikuja kwa ajili ya karatasi."

Kila mwezi wa Shaabani ukoo wa Kertodipuro hukusanyika makaburini kusafisha na kuomba dua, na mzee huwasomea kutoka kitabu kile majina ya mababu hadi kumfikia mwana wa mfalme. Niken aliwahi kuhudhuria, akaona wajukuu wa madereva na wauza tempe, ile mikate ya soya, wakinyoosha migongo yao waliposikia jina lile la mwisho. Alikumbuka pia kwamba siku ile yeye aliandika maelezo daftarini.

Damar alivuta kiti, akakaa. Hasira ilimtoka, akabaki mtu mwenye usingizi wa siku mbili. "Harusi ni baada ya wiki tatu. Baba anasema hatakuja. Shangazi Menik amemlilia usiku kucha, hadi akakubali jambo moja. Jumapili anataka kukuona. Hatakuuliza ya karatasi. Atakuuliza tarehe."

"Tarehe?"

"Nimemwambia umekosea. Nimemwambia nilikupa kitabu Januari, alipokwenda Semarang kwenye msiba. Kuchukua bila kuomba atanisamehe, mimi ni mwanawe. Lakini si siku zile, Dik. Siku zile hawezi." Alimshika mkono. "Sema Januari. Neno moja tu."

"Nikisema nilikosea tarehe," Niken alisema, "mtu atauliza ni nini kingine nimekosea."

"Nani atauliza?"

"Mimi."

Damar alimtazama. Niken aliyaona macho yale mekundu yenye kuomba, akajichukia. Akauinamisha uso wake juu ya mkono wa Damar, mkono wenye harufu ya gundi, akasema, "Nitasema. Nitasema Januari. Wallahi nitasema."

Na alikuwa na nia kweli. Jumapili, nyuma ya pikipiki ya kukodi iliyompitisha katikati ya mji wa Solo, alikuwa akirudia midomoni: Ilikuwa Januari, Baba. Nilikosea, Baba. Dereva akamuuliza anaongea na nani, naye akamwambia anafanya mazoezi.

"Ya wimbo?"

"Ya kusema uongo."

Dereva akacheka sana.

Nyumba ya baba yake Damar, Raden Kertodipuro kwa cheo chake cha kiungwana, ilikuwa na baraza pana la mbele, nguzo nne za msaji, na uani mzee mwenyewe alikuwa amefagia majani makavu na kuyawasha moto, kama afanyavyo kila Jumapili tangu mkewe afariki. Moshi ulipanda taratibu. Damar alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa, kichwa kimeinama. Alipomwona Niken alimtupia jicho moja tu, na jicho lile lilisema yote.

Shangazi Menik, dada wa mzee, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, ndiye aliyeleta chai.

"Karibu, Bi Daktari. Kunywa. Chai nimeipika sasa hivi, usije ukaandika ni ya mwaka jana."

"Asante, Shangazi."

"Na sukari ni mimi niliyetia, jina langu ni Menik. Andika na saa."

"Menik," mzee alisema, "nenda kakae."

Raden Kertodipuro alikaa kwenye kiti chake cha mkonge. Macho yake yaliyotibiwa yalikuwa meupe na angavu mno kwa uso ule uliokunjamana. Alimtazama Niken kwa muda mrefu, si kwa chuki. Ingekuwa rahisi zaidi angemtazama kwa chuki.

"Mwanangu Niken," alisema. "Mimi sikusoma kama wewe. Karatasi ni ya lini, hilo ni lako, sibishani na mtu juu ya kazi yake. Lakini kuna jambo ni langu. Damar ananiambia ulikosea kuandika. Nimemjibu kwamba binti huyu, siku ya posa, alinisahihisha tarehe ya kifo cha mama yangu mzazi. Na alikuwa sahihi. Basi nataka nisikie kwako. Ilikuwa lini?"

Niken alifungua mdomo. Januari ilikuwa tayari, imefika kwenye meno.

"Kwa kumbukumbu nilizonazo, Baba..."

"Sikuulizi kumbukumbu. Nakuuliza wewe."

Alimtazama Damar. Vidole vya Damar vilikuwa vimeushika mkeka kwa nguvu. Sema, vidole vile vilisema. Sema, mpenzi wangu. Niken alimpenda mtu huyu kuliko alivyowahi kumpenda yeyote. Hilo halikuwa na shaka, wala huenda. Lakini mbele yake alikuwepo mzee anayeuliza swali, na jibu lilikuwepo, na maisha yake yote hakuwahi kukutana na swali lenye jibu akalipa jibu lingine. Hakujua hata inavyofanyika. Ilikuwa kama kuambiwa atembee kwa kutumia masikio.

"Machi, Baba," alisema. "Tarehe tatu. Damar alinipa Machi."

Shangazi Menik aliguna kama mtu aliyechomwa sindano.

Mkono wa mzee ulikwenda polepole kiunoni, pale ufunguo unaponing'inia, ukabaki pale.

"Nilikuuliza kila asubuhi," alimwambia mwanawe.

Damar alijiburuza kwa magoti hadi kwenye kiti, akaweka paji la uso juu ya goti la baba yake, kama wafanyavyo watoto siku ya Idi wakiomba msamaha. "Nisamehe, Baba. Nisamehe."

"Ulinishika mkono, ukaniambia liko salama."

"Nisamehe, Baba."

Ilikuwa vigumu kutazama. Shangazi Menik aliinama, akamnong'oneza Niken kwa ukali: "Na wewe umekaa kama sanamu? Sema kitu, mtoto wewe! Mlilie mchumba wako!"

Niken alisafisha koo. Ndani yake kila kitu kilikuwa kinaporomoka, alitaka kuanguka pale mkekani, ashike miguu ya mzee, apige kelele kwamba kosa ni lake, njaa ni yake, tamaa ya kitabu ni yake. Lakini kilichotoka ni sauti ileile ya kwenye vikao vya kitivo.

"Nasikitishwa sana na yaliyotokea, Baba. Ningependa kueleza kwamba sehemu kubwa ya lawama ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba kitabu. Naomba hilo lizingatiwe."

"Lizingatiwe," Shangazi Menik alirudia, akatikisa kichwa.

Damar hakuinua uso.

Mzee alikaa hivyo, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukielea juu ya kichwa cha mwanawe bila kukigusa. Majani uani yalipasuka kwenye moto. Hatimaye ule mkono ukashuka, ukatua juu ya nywele za Damar, na Shangazi Menik akaanza kulia.

"Harusi ifungwe," mzee alisema. "Nitakuja. Mwanangu amenidanganya, na binti huyu hakunidanganya hata pale nilipotamani anidanganye. Sijui nani kati yao ameniumiza zaidi, lakini nimezeeka, sitaki kuzikwa na watu wasiosemezana. Inuka, Damar."

Niken alihisi hewa ikimrudia kifuani. Alikuwa na mume. Baada ya wiki tatu atakuwa na mume, na mkwe, na hata huyu Shangazi wa balaa. Alitaka kumshukuru mzee na alikuwa bado anatafuta maneno mzee aliposimama, akaingia ndani, akatoka amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha njano.

"Lakini hiki," alisema, "hakitalala tena ndani ya nyumba yangu."

Akashuka ngazi za baraza, mguu kwa mguu, akaenda kwenye moto wa majani, akakitupa.

"HAPANA!"

Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile. Kuku wa jirani walitawanyika. Dereva wa pikipiki, aliyekuwa akisubiri barabarani, aliruka kutoka kwenye kiti chake. Niken alipita katikati ya vikombe, akakipiga teke kimoja, akashuka ngazi zote kwa hatua moja, akapiga magoti kwenye majivu na kuingiza mkono wa kulia ndani ya moto. Alikuwa analia kwa kelele, makamasi yanamtoka, anasema "hapana, hapana, jamani hapana, nakuombeni, hapana," akikivuta kitabu, akikikumbatia, akikipigapiga kwa sketi yake hadi kitambaa cha njano kikaacha kuungua. Alimtazama mzee kutoka pale chini. "Niueni mimi!" alilia. "Kama mna hasira niueni mimi!"

Mzee alimtazama. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama kwenye baraza, uso umelowa, mikono imelegea. Akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti chake.

Damar alishuka. Alichota maji kwenye mtungi, akachuchumaa mbele ya Niken, akaumwagia ule mkono taratibu. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge. Akatoa leso mfukoni, akailowesha, akaanza kuufunga, kwa uangalifu uleule anaojalidia vitabu vya watu.

"Inauma?"

"Sijui. Hapana. Mas, hakuna nakala nyingine duniani. Ningefanyaje? Wewe upo, mimi nipo, harusi ipo, lakini hiki kikishaungua ndiyo basi."

"Naelewa."

"Baba ameturuhusu. Umesikia? Ameturuhusu."

"Nimesikia." Alizungusha leso. "Uliposema Machi sikukasirika, Dik. Nilijua huwezi, na nilikuomba hivyo hivyo. Hilo ni kosa langu." Akaikaza leso. "Halafu nikawa pale chini, nimelala kwenye goti la Baba, nakusubiri. Ukaongea kama unasoma taarifa. Nikajiambia, ndivyo alivyo, hana sauti nyingine. Miaka minne nimekuwa nikijiambia hivyo kila ninapokwenda kulala. Nilikuwa nimeridhika, unajua? Nilikuwa tayari kuzeeka na hiyo." Akazungusha mkunjo mwingine. "Kumbe unayo."

"Mas, nakupenda."

"Najua unanipenda."

"Basi usiseme hivyo. Nilikuwa na hofu. Mtu akiwa na hofu hupiga kelele."

"Ndiyo," Damar alisema. "Hupiga kelele."

Akafunga fundo la kwanza. Alikuwa karibu naye mno, pumzi yake ilimgusa shavuni, na Niken alijua kwamba kuna maneno ambayo yakisemwa sasa hivi, katika dakika hii, yangemrudisha. Aliyatafuta. Aliyatafuta kwa moyo wote, macho yake yamemganda Damar usoni.

Damar hakuwa anatazama uso wake. Alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto. Niken naye akautazama, akaona kwamba mkono ule, peke yake, ulikuwa umefungua kitambaa kilichoungua na ulikuwa unapindua kurasa.

"Zimepona?" Damar aliuliza kwa upole.

"Zote, isipokuwa nne za mwisho," Niken alijibu hapohapo, na furaha iliyokuwemo katika jibu lile aliisikia yeye mwenyewe, ikiwa imeshatoka.

Damar akafunga fundo la pili, akalijaribu kwa kidole kama limekaza vizuri.

"Ndugu nitawaambia mimi kwamba harusi haipo," alisema. "Wewe nenda hospitali sasa hivi, mkono usije ukafanya usaha."

Akasimama, akajipangusa majivu magotini, akapanda ngazi za baraza na kukaa tena miguuni pa baba yake.